Namna ya Kufunga Vifuniko vya Ubavuni Ulivyojitengenezea kwenye Pikipiki

Nilinunua Honda CG125 iliyokwisha kutumika, na vifuniko vyake vya ubavuni, vile vinavyokaa chini ya siti kuficha betri, nyaya na kisafisha hewa, havikuwepo vyote viwili. Anayeendesha kwenye lami tupu anaweza kuuona upungufu huo kuwa ni wa sura tu. Mimi wakati huo nilikuwa nikipita mara mbili kwa wiki kwenye barabara ya vumbi kati ya Iringa na Idodi, na kila nilipofika nyumbani nilikuta vumbi limejaa juu ya vichwa vya betri na kwenye viungio vya nyaya. Masika yalipoanza, tope kutoka tairi la nyuma likachukua nafasi ya vumbi.

Kukata vifuniko vipya kutoka kwenye bati la alumini lenye unene wa milimita 1.5 kulinichukua alasiri moja. Kuvifunga vikatulia kulinichukua miezi minne na njia tatu, na hilo la kufunga ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu wengi wetu hutumia bidii yote kwenye umbo na rangi, kisha hutafuta kifungio dakika ya mwisho.

Nilianza na waya wa kufungia nondo. Waya huu hukaza vizuri siku ya kwanza, kisha hujinyoosha kidogo kidogo na kifuniko huanza kucheza. Ndani ya wiki mbili ulikuwa umekwangua rangi ya fremu hadi chuma kikaonekana, na upande wa betri ulikuwa umekula ganda la waya mmoja wa umeme, ambao uligusana na fremu na kukata fyuzi nikiwa njiani usiku. Tangu hapo simshauri mtu yeyote kuutumia, hata kwa safari moja.

Njia ya pili ilikuwa bolti tatu za milimita 6, zile zinazofungwa kwa spana namba 10, nilizozipitisha moja kwa moja kwenye alumini na kuzikaza kwa nguvu zangu zote. Kifuniko kilikuwa imara kiasi kwamba sikutegemea kukigusa tena. Katika mwezi wa pili wa kuzitumia nyufa zikatokea kwenye matundu mawili, zikielekea ukingoni. Injini ya silinda moja hutetemesha fremu muda wote inapowaka, na barabara ya mawimbi huongeza mitikisiko yake. Bati jembamba na fremu ya chuma havitikisiki kwa namna moja, na tofauti hiyo yote huishia kwenye mzingo wa tundu la bolti, ambapo alumini hupindwa kidogo mara maelfu kwa maelfu hadi inachoka. Kutoboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa huuchelewesha usiendelee, lakini chanzo chake kinabaki palepale.

Ndipo nilipoziangalia kwa makini sehemu za fremu zilizokuwa zikishika vifuniko vya kiwandani. Vile vilikuwa na vidole vya plastiki vilivyosukumwa ndani ya raba, na chuma hakikugusa kifuniko mahali popote. Kifuniko kinatakiwa kuning'inia kwenye raba, si kubanwa kwenye chuma, na kila nilichofanya baada ya hapo kilifuata kanuni hiyo.

Kwa juu niliweka vidole viwili. Kila kidole ni bolti ya milimita 6 ambayo kichwa chake nilikiviringisha kwa tupa hadi kikawa kama punje ya mahindi iliyonona, nikaifunga kwenye kona ndogo ya alumini iliyopigwa ribiti upande wa ndani wa kifuniko. Vidole hivyo lazima vielekee upande mmoja sawasawa, la sivyo kimoja kitaingia na kingine kitakataa. Ili kupata mahali pake, nilikata kwanza mfano wa kifuniko kwa karatasi ngumu ya boksi, nikapaka rangi mbichi kwenye midomo ya raba zilizoko kwenye fremu, kisha nikaubonyeza mfano huo ukachukua alama. Wakati wa kuvisukuma ndani tumia maji ya sabuni; oili na grisi hulainisha raba ya asili na kuivimbisha, na baada ya muda haishiki tena.

Kwa chini niliweka bolti moja, na hapa ndipo penye siri ambayo fundi mmoja wa karakana alinionyesha. Tundu la kifuniko huvishwa raba ya mviringo yenye mfereji ubavuni, na ndani ya raba hiyo hupitishwa kipande cha bomba la chuma ambacho bolti hupita katikati yake. Bolti ikikazwa hubana bomba hilo, wala haiiminyi raba hadi ikose uhai. Raba yangu ilikuwa na unene wa milimita 9, nikalikata bomba kwa milimita 8, na juu yake nikaweka washa pana kuliko raba yenyewe. Tofauti ya milimita moja inatosha kuzuia mlio bila kuua mchezo wa raba. Tundu lisikaribie ukingo wa bati. Mimi huacha nafasi isiyopungua kipenyo cha tundu lenyewe.

Ikiwa fremu haina mahali pa kufungia bolti hiyo, usiitoboe na usichomelee kitu. Tundu huidhoofisha, na joto la kuchomelea hubadilisha chuma kilicho karibu na kuunguza nyaya. Pinda kola ya bati nene inayokumbatia bomba la fremu, weka kipande cha mpira wa ndani wa tairi chini yake, na ufunge kwa nati yenye plastiki ndani, ambayo hailegei kwa mtetemo.

Wanaotumia faiba wana nafuu moja: kichwa cha bolti kinaweza kuchomelewa kwenye kibati chenye matundu, kisha kibati hicho kikazikwa ndani ya tabaka za faiba baada ya kupiga msasa, na kwa nje kusionekane tundu lolote.

Kabla ya kukaza kwa mara ya mwisho, kaa kwenye siti na mwombe mwenzako akae nyuma, mpige kiki mara kadhaa na kuibonyeza pikipiki hadi shokapu zifike chini. Kifuniko kisiguse kisigino, cheni wala ekzosi. Kwa betri ya maji, hakikisha mpira wake wa kupumulia umeshuka hadi chini ya kifuniko na uko mbali na cheni, kwa sababu mvuke wa asidi hula alumini. Na usizibe mdomo wa kisafisha hewa.

Mwisho niliunganisha kila kifuniko na fremu kwa kamba fupi ya nailoni iliyofichwa ndani. Imenifaa mara moja, vidole viliposhindwa kwenye shimo karibu na Idodi na kifuniko kikabaki kikining'inia kwenye kamba yake badala ya kuangukia mbele ya gari lililokuwa nyuma yangu.