Re: Mbona tovuti yangu haitajwi kwenye majibu ya AI?
Mkuu, umesema ukiiuliza ChatGPT safari za Kilimanjaro inawataja wenzako we haupo. Kabla hujamlipa mtu fungua kwanza robots.txt yako (lile faili la tovuti linaloziambia roboti zipi ziruhusiwe kuisoma), mi fundi wangu alifunga OAI-SearchBot akidhani ndo GPTBot (zote roboti za OpenAI, wenye ChatGPT), kumbe GPTBot ndo ya kukusanya data za kufundishia modeli na hiyo nyingine ndo inayokuweka kwenye majibu ya kutafuta, nikawa najiloga mwenyewe. Halafu bei umeziweka kwenye picha ya bango, toa, andika kwa maneno: njia ya Machame siku 7 shilingi ngapi, ada ya hifadhi imo au haimo. Kwenye ukurasa weka swali la mteja juu, jibu hapohapo chini yake, historia ya kampuni baadaye huko. Na Google, ukiwa na nosnippet (alama ya kwenye ukurasa inayoizuia isionyeshe dondoo zako), kwenye AI Overviews, yale majibu ya AI ya Google yenyewe, usahau.