Gari la ngazi la mita 42 kwa bei ya kutupa: tulichukue?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nimo katika kamati ya kutathmini zabuni kwenye kaunti moja ya Pwani. Mji wetu sasa una majumba ya ghorofa 12 hadi 16, na kikosi chetu cha zimamoto hakina gari la ngazi hata moja. Bajeti ya gari jipya imepitishwa, lakini mwagizaji mmoja ametuletea pendekezo la gari la mtumba kutoka Uingereza, la mwaka 2007, ngazi ya mita 42, kwa chini ya robo ya bei ya jipya. Anasema lina vyeti vyote. Wakubwa wamelipenda kwa sababu ni refu kuliko lile jipya la mita 30 alilopendekeza mkuu wa zimamoto. Miji mikubwa hununuaje magari haya? Na hili tulichukue? – Mjumbe, Pwani

JIBU: Marahaba. Suala la mtumba nalimaliza upesi kwa sababu majibu yake yamo kwenye karatasi. Kinachonikera ni hilo neno "refu kuliko", na ndilo nitakalokaa nalo.

Kwanza karatasi. Kiwango cha Kenya KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8, na hili la 2007 limeshapita hapo mara mbili. Mwagizaji akisema magari ya zimamoto yana msamaha wake, asiwasimulie. Alete barua yenye namba ya chesisi hii hasa, kabla kamati haijakaa tena.

Halafu hivyo "vyeti vyote". Uingereza gari la ngazi hukaguliwa kwa njia mbili tofauti. Upo ukaguzi wa barabarani, wa breki, taa na magurudumu. Na upo uchunguzi wa ngazi yenyewe chini ya kanuni za vifaa vya kunyanyulia, LOLER, za mwaka 1998, ambazo kwa kawaida hutaka kifaa kinachoinua watu kichunguzwe kila miezi 6 na mtu mwenye ujuzi, naye aandike ripoti. Madalali huleta karatasi ya kwanza na kuiita cheti. Gari la 2007 lililokuwa kazini hadi juzi linapaswa kuwa na ripoti zaidi ya 30 za aina ya pili. Ombeni za miaka kumi ya mwisho, pamoja na kurasa za kasoro. Zikikosekana, ngazi hiyo ilistaafishwa zamani, na nyinyi mtakuwa mnanunua sababu iliyofanya istaafishwe.

Wamarekani, kwa mwongozo wa NFPA, chama chao cha viwango vya kinga ya moto, hushauri gari likifikisha miaka 15 liondolewe mstari wa mbele liwe la akiba, na likifikisha 25 liachwe kabisa. Ngazi hupimwa kila mwaka, na kila miaka 5 maungio yake yaliyochomelewa huchunguzwa kwa vifaa vinavyoona nyufa ambazo jicho halizioni. Nani atawafanyia hayo Pwani, kwenye chumvi ya bahari, kwa mtengenezaji ambaye huenda hauzi tena vipuri vya toleo hilo? Na mwulizeni mwagizaji nani ataifungua kompyuta ya ngazi ikigoma. Ngazi ya kisasa haimtii mwendeshaji moja kwa moja. Sensa hupima uzito wa kikapu cha watu kilicho nchani, pembe, urefu uliotoka na jinsi miguu ya kulishikilia gari ilivyotanuliwa, kisha kompyuta huamua pa kuishia. Sensa moja ikiliwa na chumvi, ngazi inakataa kunyanyuka, na hapo hutokea fundi hodari wa mtaani akafunga kiwaya cha kuiruka. Nimekuta viwaya hivyo kwenye magari ya mtumba yaliyosemwa ni mazima. Aliyekifunga ni muuaji ambaye bado hajapata maiti.

Basi mtumba msilichukue. Sasa tuje kwenye urefu.

Mita 42 za kwenye brosha hupatikana ngazi ikiwa karibu wima, gari limeegeshwa ubavuni mwa jengo, uwanja tambarare, upepo mdogo. Nitajieni jengo moja mjini kwenu ambako gari la zimamoto linafika ubavuni. Kuna ukuta, geti, kibanda cha askari, gari la mwenye nyumba, mti wa mwarobaini, nyaya za umeme. Gari linaishia barabarani, na kutoka hapo mpaka dirishani kuna mita 12, 15, pengine 20. Kila mita unayokwenda pembeni inakula urefu wa juu. Ngazi ya mita 42 ikisimama mita 20 kutoka ukutani, kwa hesabu tupu ya pembetatu, inabaki na mita 37 hivi. Hesabu hiyo haijaweka mtu kwenye kikapu. Ukimweka, kompyuta huisimamisha mapema zaidi, maana kinachoogopwa hapo ni gari zima kupinduka.

Wajerumani walilielewa hili zamani. Gari lao la kawaida la ngazi, linalosambaa karibu kila mji kule, huitwa DLK 23/12. Ngazi yake ikinyooshwa yote ina mita 30, lakini kiwango chao hakiliiti kwa hiyo 30. Linatambulishwa kwa kile linachoweza kufanya: kuokoa watu kwenye mita 23 likiwa mita 12 pembeni. Namba mbili, moja bila nyingine haina maana. Zabuni nyingi ninazoletewa nizisome zina namba moja tu, tena ile ya brosha.

Namba ya tatu inayofichwa ni uzito. Kiwango cha Marekani kinakubali ngazi ya kawaida, isiyo na kikapu, iwe na uwezo wa kilo 113 tu nchani. Huyo ni mzimamoto mmoja akiwa na vifaa vyake, na mama anayemkabidhi mtoto hayumo kwenye hesabu. Ngazi yenye kikapu kiwango hicho hicho kinaidai kilo 340. Magari mawili yanaweza kuandikwa "mita 30" yote mawili, moja likabeba mtu mmoja na lingine watatu, na bei zikatofautiana, kisha kamati ikachagua la bei nafuu ikidhani imeokoa pesa za umma.

Na miguu. Gari la ngazi hutanua miguu yake ya haidroliki pande zote mbili mpaka likachukua kama mita 5 za barabara. Mtaani kwenu, saa mbili usiku, tuktuk zimepanga huku, vibanda vya viazi karai kule, utazitanua wapi? Mguu wa upande mmoja usipotoka wote, kompyuta hupunguza ufikaji wa upande huo, wakati mwingine ukabaki nusu. Chini ya mguu nako kuna mambo. Tani zote za gari zinaweza kulalia upande mmoja, na mitaa yetu imejaa mifuniko ya mashimo ya choo na mitaro iliyofunikwa kwa bamba jembamba la zege.

Tuseme yote hayo yamewezekana na kikapu kimefika ghorofa ya 7. Kinakuta nini? Dirisha lenye vyuma vilivyochomelewa kutoka nje kuzuia wezi.

Turudi kwa swali lako la miji mikubwa, maana wakubwa wenu wanaamini mji wenye majumba marefu hununua ngazi ndefu. New York ina Empire State, ambalo paa lake liko mita 381 juu. Idara yake ya zimamoto ina vikosi vya ngazi 143. Ngazi zao zina futi ngapi? 75, 95 na 100, yaani kati ya mita 23 na 30 hivi. Hawakukosa hela. Walijua kwamba moto wa ghorofa ya 40 hupigwa kutoka ndani, kwa ngazi za zege na bomba la maji linalopanda ndani ya jengo, na kwamba gari fupi linalokata kona ya Brooklyn na kutanua miguu kwa haraka huokoa watu wengi kuliko jitu linaloishia barabara kuu.

Sheria za ujenzi zao zimefungwa kwenye gari hilo hilo. Marekani jengo huhesabiwa refu pale sakafu ya juu inayotumiwa na watu inapopita futi 75 kutoka mahali gari la zimamoto linapofika. Ujerumani mpaka huo ni mita 22, kwa sababu ya ile 23/12. Hata nyua zao zinatakiwa ziweze kubeba gari la tani 16, ambao ndio uzito wa ngazi yao ya kawaida. Gari, uwanja na ramani ya nyumba vimekatwa kutoka kitambaa kimoja. Ukipita mpaka huo, jengo linatakiwa lijiokoe lenyewe kwa ngazi zilizokingwa moshi, lifti ya wazimamoto, bomba la ndani na pampu yenye umeme wa akiba.

Kuna atakayenitajia London, na ana haki. Usiku wa 14 Juni 2017 moto ulioanzia ghorofa ya 4 ya Grenfell Tower, jengo la mita 67, ulipanda mpaka juu kwa chini ya nusu saa. Walikufa watu 72. Ngazi ndefu kuliko zote za London wakati ule ilikuwa ya mita 32. Gari la mita 42, urefu uleule mnaouziwa, liliazimwa kutoka kaunti jirani ya Surrey na likafika moto ukiwa umeshafika paani. Baadaye, mwaka 2021, London ilipokea ngazi za mita 64. Ni tatu tu kwa jiji zima, na za mita 32 ndizo zinazofanya kazi ya kila siku. Tume ya uchunguzi, chini ya Sir Martin Moore-Bick, ilisema sababu kuu ya moto kuenea ilikuwa mabamba yaliyopambwa nje ya jengo. Yalibandikwa kwenye ukarabati wa jengo. Moto wa kasi ile ungeishinda hata ngazi ya mita 64 iliyoegeshwa pale pale.

Kuhusu utaratibu wa miji hiyo mikubwa wa kununua, nitakuambia kwa ufupi tu, kwa sababu sheria yenu inautaka tayari. Wanaanza na mitaa: upana, kona, madaraja, uzito unaoruhusiwa. Kisha wanaandika kazi wanayotaka ngazi ifanye, kwa mita za juu na za pembeni, kilo kikapuni na upana wa miguu, bila kutaja kampuni. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinasema hivyo hivyo, hata kama washauri wengine bado wananakili brosha ya rafiki yao neno kwa neno. Wananunua kwa mkataba wa miaka kadhaa, gari la aina moja, ili mzimamoto akihamishwa kituo asitafute vishikio gizani. Wanakwenda kiwandani kabla ya kuunganishwa na tena kabla ya kupokea. Wanaokwenda ni fundi na mwendeshaji, watu watakaoipanda hiyo ngazi. Safari za namna hii kwetu najua hujazwa na nani. Na wanajipanga mapema, kwa sababu Marekani siku hizi gari la ngazi linaweza kukaribia dola milioni 2 na kusubiriwa zaidi ya miaka miwili.

Mafunzo na vipuri viingie ndani ya bei ya zabuni, visiachwe kuwa ahadi ya mdomo.

Sasa niseme na wale walioko juu ya kamati yako. Ngazi ndefu kuliko zote za aina hii duniani ina mita 68. Jukwaa la kunyanyulia watu lililo refu kuliko yote, la kampuni ya Bronto Skylift ya Finland, linafika mita 112. Britam Tower ya Nairobi ina mita 200. Hakuna bajeti itakayoziba pengo hilo, wala haihitajiki kuzibwa kwa gari. Lakini gari jekundu refu hupigwa picha siku ya kukabidhiwa, na bomba la maji la ndani ya jengo halipigwi. Kwa hiyo tunapitisha ramani ya ghorofa 16 yenye ngazi moja ya kupandia isiyo na milango ya kuzuia moshi, halafu tunatafuta mtumba wa kutuliza dhamiri. Bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, ambako wavulana 67 waliungua Machi 2001, halikuwa refu. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma.

Mkuu wenu wa zimamoto ameomba mita 30. Kabla ya kumpinga, mpeni siku moja na lori la kaunti la tani 16. Alipitishe kwenye majumba yenu yote yanayozidi ghorofa 7, na kila mahali apime kwa utepe: mita 5 na nusu za upana kwa mita 11 za urefu, ardhi ngumu, bila nyaya juu, na umbali mpaka dirisha la karibu. Apige picha vyuma vya madirisha. Orodha ya majengo yatakayoshindikana ipelekwe idara ya mipango ya mji kabla haijagonga muhuri kwenye ramani nyingine.