Jibu: Majivu ya marehemu yasiyochukuliwa, tunaruhusiwa kuyatawanya?

Habari, ndugu. Umeuliza kama mnaweza kuyatawanya majivu ya marehemu yaliyokaa stoo ya kampuni yenu ya mazishi kwa miaka, na simu za familia hazipatikani. Tafadhali msiyatawanye kwanza.

Anza na fomu ya idhini ya uchomaji. Humo utamkuta aliyesaini, na mara nyingi kuna kipengele kinachosema kampuni ifanye nini majivu yasipochukuliwa, na baada ya muda gani. Kisha linganisha namba ya kipande cha chuma kilichomo kwenye boksi la majivu (kile kinachofuatana na mwili wakati wa kuchomwa) na rejista yenu. Zisipolingana, acheni kila kitu hadi mjue ni ya nani.

Muda wa kusubiri hutegemea sheria ya mahali mlipo. Florida, kwa mfano, ni siku 120 tangu kuchomwa. Kwingine ni tofauti kabisa, kwa hiyo ulizeni mamlaka inayowapa leseni, na mpate jibu kwa maandishi.

Sisi tulituma barua za rejista kwa anwani zote zilizokuwa kwenye faili, hata ya shahidi aliyesaini fomu, na tukahifadhi risiti. Wapo waliokuja wakilia. Walidhani ndugu mwingine alishachukua. Deni la familia kwa kampuni lisiwe sababu ya kuyazuia bila kuuliza mwanasheria. Na angalieni kama marehemu alikuwa mwanajeshi: Marekani, shirika la kujitolea liitwalo Missing in America Project huwazika kwa heshima askari ambao majivu yao hayakuchukuliwa.

Muda ukiisha, mimi ningezika kwenye kaburi lenye namba kuliko kutawanya. Mtoto wake akitokea baadaye, mtakuwa na cha kumrudishia.