Pampu ya lori la tangi: shafti au haidroliki?

Swali: Tunaunda lori la maji lenye pampu ya kushusha lita 1,000 kwa dakika kwa presha ya bar 3. Fundi mmoja anataka shafti itoke moja kwa moja kwenye PTO ya giaboksi (kifaa kinachochota nguvu ya injini kuendesha mitambo mingine), mwingine ameshikilia haidroliki, yaani mota inayozungushwa na oili yenye presha. Tumfuate nani?

Jibu: Anzeni na pampu, gari baadaye. Zidisheni lita kwa bar, mgawanye kwa 600: kilowati 5. Hiyo ndiyo nguvu inayoingia kwenye maji. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 60 itadai kilowati 8.3 kwenye shafti yake, na kwa mizunguko 600 kwa dakika huo ni msokoto wa newtoni-mita (Nm) 132 (kilowati mara 9,550, gawanya kwa mizunguko). Ulinganisheni na uwezo wa PTO kwa kazi ya mfululizo. Mtengenezaji huandika pia uwezo wa muda mfupi, na huo ndio unaowaponza wengi. PTO yenye uwiano wa asilimia 60 itatoa mizunguko hiyo 600 injini ikiwa kwenye 1,000.

Shafti hupoteza nguvu kidogo sana. Haidroliki hula robo au zaidi, kwa hiyo PTO italazimika kutoa kilowati 11 kwa kazi ile ile. Karibu 3 zinazopotea hugeuka joto ndani ya oili, kama birika la umeme lililoachwa likichemka muda wote mnaposhusha. Mnachopata ni uhuru wa kufunga pampu popote, mwanzo wa taratibu, na kasi inayorekebishwa kwa vali. Kwa molasi au mafuta mazito yanayotaka kasi ndogo, haidroliki inastahili gharama yake. Kwa maji, ikiwa pampu inaweza kukaa karibu na mstari wa PTO, fungeni shafti.

Swali: Krosi (viungo vinavyoruhusu shafti kupinda) za shafti ya pampu zinakufa kila baada ya miezi miwili na chasisi inatetemeka. Tumenunua hadi za bei kubwa, hali ni ile ile.

Jibu: Acheni kununua, pimeni pembe. Krosi iliyopinda haipeleki mzunguko kwa kasi moja: huharakisha na kuchelewesha mara mbili kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili hufuta kosa hilo, lakini pale tu pembe zote mbili zinapolingana na nira (uma zinazoshika krosi) za ncha mbili za shafti zimelala kwenye mstari mmoja. Mara nyingi shafti ilichomolewa kwenye splaini (meno ya kiungo chake kinachoteleza) ili ipakwe grisi, ikarudishwa meno kadhaa pembeni. Chora mstari wa rangi kabla ya kuchomoa.

Pembe ya kushuka peke yake haitoshi. Shafti huenda pia ubavuni. Zidisha kila pembe kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Nyuzi 8 chini na 6 ubavuni ni nyuzi 10, si 8. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika msipite nyuzi 11. Kwa 2,000, nyuzi 8. Sifuri nayo ni mbaya: sindano za beringi zisipobingirika huchimba mashimo palepale, hivyo acheni angalau nyuzi 1.

Grisi isukumwe mpaka mpya itokee kwenye vikombe vyote vinne vya krosi. Kikombe kisichotoa ndicho kitakachokufa kwanza. Kazi hii ifanywe injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa anayeingia chini, kwa sababu shafti inayozunguka hunasa nguo kabla mtu hajaweza kujitoa.

Swali: Oili ya haidroliki inapita nyuzi 90 za Selsiasi na sili ya mota imetoka mara mbili.

Jibu: Huenda ni makosa mawili tofauti. Kuhusu joto: angalieni kiwango cha oili, feni ya kipoza, na vumbi kwenye mapezi yake. Kisha pimeni bomba linalotoka kwenye vali ya usalama wakati wa kushusha, kwa kipimajoto, si kwa mkono. Likiwa moto kuliko mengine, oili inapitia huko badala ya kwenda kwenye mota: ama vali imerekebishwa ifunguke kwa presha ya chini mno, ama dereva anakanyaga injini kupita inavyotakiwa. Juu ya nyuzi 82 sili hukauka na oili huharibika haraka.

Sili kuruka ni habari nyingine. Mota nyingi zina kibomba chembamba cha kurudisha oili inayovuja ndani yake. Kirudi kwenye tangi la oili peke yake. Kikiunganishwa na bomba la kurudia linalopita kwenye filta, filta ikichafuka presha hupanda ndani ya mota na sili hutoka.

Swali: PTO mpya inagonga.

Jibu: Nafasi kati ya meno ya gia ya PTO na ya giaboksi iwe milimita 0.15 hadi 0.30. Ikigonga, punguza gasketi. Ikilia kwa sauti nyembamba, ongeza. Rudieni kukaza bolti baada ya wiki ya kwanza. Mkiwa hapo, fungeni taa na kengele kwenye swichi yake: lori likiondoka PTO ikiwa imeingia, injini ikifika 2,000 pampu ile ya mizunguko 600 itazungushwa 1,200, tena kavu.