RDI haizimi hata baada ya kubadilisha kadi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko zamu kwenye kituo kimoja huku Dodoma. Laini yetu ya SDH (mfumo wa kusafirisha mawasiliano kwa faiba) ya kilomita 60 inaonyesha alamu ya RDI tangu Jumatatu. LOS, alamu ya kukosa mwanga, hakuna, na nguvu ya mwanga tunaopokea ni -17 dBm, ileile ya siku zote. Nimebadilisha kadi ya faiba, RDI bado iko palepale. Nibadilishe nini tena?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usibadilishe kitu kwanza. Umempigia simu mwenzako wa upande wa pili?

RDI ni malalamiko ya mwenzako, yamekufikia kupitia laini ileile. Mtambo wake unakuambia: "Sikupati vizuri." Wewe unampata, ndiyo maana LOS huna na -17 yako imetulia. Kwa hiyo ubovu uko kwenye njia ya kwenda, kuanzia kadi yako inakotolea mwanga hadi kadi yake inakopokelea. Mwulize kwake kumewaka nini, LOS au LOF (mwanga upo lakini mpangilio wa data hausomeki), na anapokea dBm ngapi.

Kisha pima kwako: kwanza mdomoni mwa kadi, halafu mwisho wa pachikodi, ile waya fupi ya faiba, inayoingia ODF, yaani fremu ya kuunganishia faiba za nje. Ikipotea zaidi ya desibeli moja hapo katikati, tatizo liko mikononi mwako. Safisha konekta zote mbili. Njia ya mwanga kwenye faiba hiyo ina upana wa mikromita 9 tu. Punje ya vumbi usiyoiona inatosha kuiziba. Wala usichungulie, mwanga huo hauonekani na unaunguza jicho.

Mimi niliwahi kukesha kituoni kwa alamu hiihii. Nilipima pachikodi kwa mwanga wa nanomita 1310 (urefu wa wimbi, sisi mafundi huuita rangi), ikapitisha vizuri, nikaiacha. Alfajiri nikaikuta imebanwa na mlango wa raki, imekunjwa kama kiwiko. Laini ilitumia 1550, na kwenye kona kali 1550 ndiyo huvuja kwanza. Kwa hiyo pima kwa rangi ileile inayotumiwa na mtambo wako.

Kwako kukiwa salama, ndipo utoe OTDR, kipimo kinachopiga mwanga ndani ya faiba, kutafuta umbali wa jeraha barabarani. Mwambie mwenzako achomoe faiba kwenye kadi yake kabla hujapiga, maana pigo la OTDR linaweza kumuulia kipokezi.

Na ile kadi uliyoitoa, usiitupe kwenye boksi la mbovu. Sioni kosa lake.