Muulize Shangazi: Nina digrii na mama yangu yupo TASAF

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 31, kwetu Chamwino, Dodoma, ila maisha yangu yapo Dar, nilisoma Chuo Kikuu cha Dodoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo asilimia mia na sasa hivi nipo stoo ya vifaa vya ujenzi Tandika, sio kazi ya kujidai ila mshahara unaingia. Shida yangu ni mama. Ana miaka 68, analea wajukuu wawili wa marehemu dada yangu, na yupo TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini hela. Nilikuwa nasikia juujuu tu, sasa mwezi wa nane nimeenda nyumbani nikakuta ndo siku ya malipo, mama kakaa chini kwenye kanga nje ya ofisi ya kijiji na wenzake toka asubuhi, saa nane mchana bado wapo, na jamaa mmoja niliyesoma naye msingi akapita na pikipiki akasema "aisee msomi, mama kaja kuchukua mshahara?" Shangazi nilitamani ardhi ipasuke. Jioni nikamwambia mama ajitoe, akanijibu hii hela sijamuomba mtu, akaendelea kuchambua mlenda wake.

Afu niseme ukweli, hata ukiweka aibu pembeni mi hii kitu siikubali. Kuna mzee jirani siku ya malipo anatoka pale anaenda kilabuni moja kwa moja hata nyumbani hapiti. Watu wakishajua kuna hela inakuja kila miezi miwili nani atalima? Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na sio kijijini tu, mi hapa Mbagala chumba elfu themanini na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, nikipita Magomeni naona watu wa Kota wamepewa magorofa na wakaambiwa wakae bure, mimi ninayekatwa kodi kwenye mshahara nani ananijengea? Kila mtu abebe mzigo wake. Nimwambieje mama aelewe? Huwa namtumia hela nikipata.

*Mgogo wa Mbagala*

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Kuna neno umelitupia mwishoni kabisa kama halina uzito, usidhani limenipita, nitalirudia.

Tuanze na hilo jembe. Mama yako jembe analo, nina hakika lipo nyuma ya mlango. Kinachokosekana Chamwino ni mvua, na we umekulia huko unajua mtama ukikauka mwezi wa pili hakuna bidii inayoufufua. Sasa hela yenyewe unayosema inawafanya watu waache kulima, unaijua ni kiasi gani? Awamu ya kwanza ya mpango wa kunusuru kaya maskini, ule ulioanza 2012, kaya iliyopata kile kiwango cha juu kabisa ilikuwa inafikia 38,000 kwa mwezi, na wengi walikuwa hata hawakigusi. Haya mpe mama hicho cha juu, gawa siku thelathini, gawa midomo mitatu, unabaki na mia nne na kitu kwa mtu kwa siku. Chapati ya Tandika shilingi ngapi? Huyo mvivu anayeacha shamba kwa ajili ya mia nne mi sijamuona. Na wenye nguvu hawakai tu, wanaingizwa kwenye ajira za muda, malambo, barabara za kijiji, kupanda miti, na awamu ile walikuwa wanalipwa 2,300 kwa siku, we ungeshika sururu juani Chamwino kwa 2,300?

Tena kwenu hapohapo ndo kitu hiki kilijaribiwa kabla hakijaenda nchi nzima. Mwaka 2010 walianza na vijiji vya Chamwino, Bagamoyo na Kibaha, vingine vikapewa vingine vikasubiri ili walinganishe, na watafiti waliporudi wakakuta walengwa wamenunua mbuzi na kuku, wamekata kadi za CHF za matibabu, watoto wamevaa viatu. Yule mzee wa kilabuni yupo, siwezi kukubishia, kila kijiji kina wa kwake na ana kelele kuliko wanawake thelathini walionunua sare za shule, ndo maana unamkumbuka yeye. Wachumi wawili wa Benki ya Dunia waliwahi kukusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali kuhusu hela za aina hii, wakachapisha 2014, hawakuona kwamba zinaongeza unywaji wa pombe wala sigara. Mlevi alikuwa anakunywa hata kabla ya TASAF, uliza mkewe.

Mi mwenyewe nimeshakaa kwenye hizo foleni, nilimsindikiza wifi yangu mkoa mwingine. Nilichokiona ni hivi, muuza duka alikuja na daftari lake la mikopo akakaa chini ya mti hatua kumi tu kutoka meza ya malipo, mama akichukua hela anaenda pale, sukari, sabuni, mafuta ya taa ya mwezi uliopita, muuza duka anapiga mstari kwa peni nyekundu, mama anafunga kilichobaki kwenye ncha ya kanga. Wifi alibakiwa na elfu saba. Hiyo ndo starehe tunayowaonea wivu.

Sasa na mimi nikuulize, bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wako wa chuo, ulikuwa unaifanyia nini? Nimeishi na wapwa wawili waliosoma chuo, bumu likiingia nyumba haikaliki, simu mpya, raba, kuku wa kukaanga kila jioni, ikifika wiki ya sita wanarudi kwangu kula ugali na dagaa wamenyamaza kimya. Hakuna aliyekaa nje ya geti la chuo kuhesabu wanafunzi wangapi wanaelekea baa. Utaniambia ule ni mkopo na unakatwa asilimia 15 kila mwezi, sawa, hiyo nakupa. Ila ulikopeshwa bila kuweka rehani nyumba wala shamba, kwa sababu nchi iliamua mtoto wa mama wa Chamwino naye asome. Nchi hiyohiyo imeamua mama mwenyewe na wajukuu wasilale njaa, na kwenye hela zake ameambiwa watoto waende shule na wadogo wapelekwe kliniki. Ya kwako ikaitwa mkopo wa elimu ya juu, ya kwake mnaiita mshahara mkicheka juu ya pikipiki.

Magomeni nayo. Zile kaya 644 hazikuokota magorofa barabarani. Watu walikaa pale Kota miaka na miaka, wakahamishwa, nyumba zikavunjwa, wakatawanyika kupanga huku na kule na eneo likakaa tupu hadi Magufuli alipokwenda 2016 akaagiza wajengewe, na ni kweli aliahidi miaka mitano bila kodi. Rais Samia akaja kuzindua Machi 2022 na baada ya hapo ukaja utaratibu wa mpangaji mnunuzi, yaani nyumba wanailipia. Uchungu wako wa miezi sita kwa mpigo naujua, na kwa maoni yangu ule ni ukabaji, ila aliyekukaba ni mwenye nyumba wako, bibi wa Magomeni hahusiki. Na kama ni nyumba za umma zilizoenda kwa watu, mbona hunitajii zile za serikali zilizouzwa kwa watumishi kuanzia 2002? Viwanja vikubwa, miti ya maembe, mahali ambapo mimi na wewe tunapita tu na daladala, na kelele zake bungeni zilidumu miaka. Hao hawakukaa kwenye kanga wala hakuna aliyewaita walengwa.

Kinachoniudhi mimi kwenye TASAF ni kingine kabisa, ni zile kaya hewa zilizofumuliwa 2016, hela ya mjane inaenda kwa mtu asiyekuwepo au kwa shemeji yake kiongozi. Hapo kasirika na mimi nitakusindikiza.

Haya, neno lako. "Nikipata." TASAF inakuja kila miezi miwili, ikichelewa inachelewa lakini jina lake lipo kwenye orodha. Wewe orodha yako ipo wapi? Ukitaka mama atoke pale usimpe hotuba. Chagua kiasi unachokiweza, hata elfu arobaini, mtumie kila mwezi tarehe ileile mwaka mzima, pamoja na ya kutolea, bila kumuuliza kaifanyia nini. Mwaka ukiisha mwambie mama mimi nipo, ukiona inakutosha waambie kamati wampe mwingine. Akisema bado anaitaka iache, jina ni lake. Na yule wa pikipiki mwambie mshahara wa mama ni mzuri, haukatwi kodi ya PAYE.

SWALI: Anti, nakaa mjini kwenye nyumba ya shirika la umma, zile za zamani ambazo wazee wanaziita za Msajili. Aliyenipangisha naye ni mpangaji, alirithi mkataba wa baba yake, mimi namlipa laki tatu na nusu na nimeona risiti yake kwa bahati mbaya, analipa shirika pungufu ya nusu ya hapo. Juzi katuma ujumbe kodi inapanda. Yeye mwenyewe kajenga Goba. Nifanyeje?

*Mpangaji wa mpangaji*

SHANGAZI: Kwanza tafuta pa kwenda kabla hujafungua mdomo, kwa sababu likilipuka atakayetolewa vyombo nje ni wewe. Kwenye nyumba hizo mpangaji haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine bila idhini ya shirika, kwa hiyo karatasi mliyoandikishana haikulindi sana hata kama ina mhuri wa serikali ya mtaa. Usimlipe miezi sita mingine kwa mpigo. Lipa mwezi mwezi kwa simu ili ushahidi ubaki, akikataa umeshajua anajiandaa kukutoa. Ukishapata chumba kingine nenda ofisi ya shirika ukaulize kama wewe unaweza kuomba nyumba kwa jina lako, na hapo wataanza wenyewe kukuuliza unakaa wapi.

Msomaji wetu wa Mbagala asome hii pia. Huyu wa Goba ana nyumba ya umma kwa bei ya umma, anakula tofauti kila mwezi bila kushika jembe, na nina uhakika kwenye vikao vya harusi ndo anaongoza kusema masikini wa siku hizi hawataki kujituma.