Poda ya prebayotiki kwa mzee mwenye kansa ya kongosho

Dada pole sana na mzee. Umeuliza kama umnunulie ile poda ya prebayotiki maana tumbo linamjaa gesi na anaharisha tangu aanze kemo, mi ningesema subiri kwanza, manake hizo poda ni nyuzinyuzi zinazochachuka tumboni kulisha bakteria wazuri na gesi ndo inazidi, afu irinotekani (dawa mojawapo ya kemo) kama imo kwenye dripu zake yenyewe tu inaharisha mtu.

Embu angalia choo chake, kikiwa na mafuta mafuta, kinaelea na kunuka sana basi kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha kusaga chakula, hapo poda haisaidii kitu, muulize daktari wa kansa vidonge vya vimeng'enya, na anavimeza anapoanza kula sio akishamaliza.

Sisi hapa Dodoma baba tulimpa uji laini wa ulezi na mlenda kidogo kidogo (mlenda wa Kigogo anaukubali hata akiwa hana hamu!). Zile poda au vidonge vya bakteria hai (probayotiki) ndo usiguse bila daktari, chembe nyeupe za damu zikishuka zinaweza kumletea maambukizi. Akipata homa 38 usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huohuo.